Umepata Nafasi ya Kusoma Istanbul? Kula Hapa, Kunywa Hapa

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kiwira aliniandikia. Amepata ufadhili wa serikali ya Uturuki, ule unaoitwa Türkiye Bursları, na anaondoka Septemba kwenda Istanbul. Hakuniuliza habari za masomo wala za baridi. Aliuliza hivi: "Dada, kule nitakula nini? Mama anataka nibebe mchele wa Kyela kilo kumi." Yeye nimeshamjibu kwa simu. Lakini swali hilo naulizwa kila mwaka, hasa Januari dirisha la maombi linapofunguliwa, kwa hiyo leo naandika kwa wote, muwe mko Tukuyu, Mbozi, Makambako au hapa hapa mjini Mbeya.

Mimi ni mtoto wa Uyole. Nilisoma Istanbul kwa ufadhili huo huo, nikaanza na mwaka wa lugha, kisha shahada. Nilikuwepo mwaka 2022 wakati bei zilipokuwa hazishikiki. Oktoba ya mwaka huo mfumuko wa bei ulivuka asilimia 80 kwa hesabu za serikali yao wenyewe. Sahani uliyokula mwezi uliopita ungeikuta ina bei nyingine, na kwenye menyu wamebandika karatasi juu ya karatasi. Ndiyo maana humu sitaji bei. Ila nilimaliza chuo sidaiwi na mtu hata lira moja, na sikulala njaa. Hilo najivunia, na nalisema ili mjue kwamba inawezekana.

Nianze na mahali ninapopapenda kuliko pote. Ukiwa chuo kikuu pale Beyazıt, zunguka nyuma ya ukuta wa chuo uelekee msikiti wa Süleymaniye, ule aliojenga Mimar Sinan ukakamilika mwaka 1557. Ubavuni mwa msikiti kuna safu ya majengo ya mawe yaliyokuwa madrasa zamani. Siku hizi pale ni migahawa ya maharage, na mmojawapo upo tangu 1924. Chakula chenyewe kinaitwa kuru fasulye: maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa siagi na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito, wali pembeni, na achari ya pilipili. Wali maharage, ndugu zangu! Mtu wa Mbeya, tuliokula maharage ya kila rangi tangu tunaota meno, pale hahitaji kufundishwa chochote. Agiza na ayran, ambayo ni mtindi uliotiwa maji na chumvi. Siku ya kwanza nilikula kimya mpaka mwisho, halafu nikampigia mama.

Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi letu la Watanzania. Mwenzetu mmoja akajibu: "Watu wa Mbeya hata uwapeleke Ulaya watatafuta maharage." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Kwa sababu huyo huyo alikuwa akishinda kwenye mikahawa ya Taksim, kikombe kimoja cha kahawa kwa pesa ya milo yangu mitatu, picha mtandaoni kila jioni, na mwisho wa mwezi anagonga mlango wangu kuomba nimkopeshe. Nilimkopesha. Hajalipa. Simsemi ili kumwaibisha, nasema kwa ajili yako wewe unayefunga sanduku sasa hivi: posho ile umepewa usome, na waliobaki nyumbani wanajua ulikotoka. Kula kinachokushibisha. Atakayekucheka leo ndiye atakayekukopa kesho.

Kutoka hapo Süleymaniye, tembea kidogo kushuka mpaka mtaa wa Vefa. Kuna duka linaitwa Vefa Bozacısı, lipo tangu 1876, na kinachouzwa ni boza. Mtu aliyekulia kwa togwa ya ulezi ataielewa papo hapo: ni nafaka iliyosagwa, ikachemshwa, ikachachuliwa kidogo, tamu yenye ukali kwa mbali, nzito kiasi kwamba unapewa kijiko. Juu wananyunyiza mdalasini, na duka la ng'ambo ya barabara linauza dengu za kukaanga za kutia ndani. Ukutani wameihifadhi glasi aliyonywea Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, mwaka 1937. Nilienda na wanafunzi wenzangu wa mataifa mengine, wakaonja wakaacha. Mimi nilimaliza yangu nikaongeza. Nenda wakati wa baridi, ndio msimu wake.

Kwa chakula cha kila siku, tafuta wanachokiita esnaf lokantası, yaani mgahawa wa mafundi na wenye maduka. Utauona: masinia ya chakula nyuma ya kioo, wanaume wenye ovaroli kwenye foleni saa sita mchana, mpishi anapakua kile unachokionyesha kwa kidole. Huhitaji kujua lugha. Mkate kwa kawaida unaletwa bila kulipiwa. Wahi mchana, jioni masinia yanakuwa matupu. Ukimaliza mwambie mpishi "elinize sağlık", yaani mikono yako iwe na afya, naye mara nyingine atakuongezea mchuzi bila kuombwa. Pia tangu 2022 manispaa ya jiji inaendesha migahawa yake, Kent Lokantası, ambako unapata mlo kamili kwa bei ndogo kuliko mtaani. Foleni ni ndefu, vumilia. Na usidharau kantini ya chuo, ni nafuu kuliko zote hizo. Narudia: kula wanapokula wafanyakazi.

Wanapokula watalii, pita. Kuna mgahawa mmoja karibu na Sultanahmet ambako niliwapeleka wageni kutoka nyumbani. Tuliletewa visahani ambavyo hakuna aliyeviagiza, kisha vyote vikatokea kwenye bili. Nikabishana nao kwa Kituruki, kwa adabu lakini kwa sauti, mpaka wakavifuta. Sehemu ya heshima inabandika bei mlangoni. Kama hakuna bei, geuka.

Kuna vitu viwili vidogo vya watu wa nyanda za juu. Kule Ortaköy, chini ya daraja la mlango wa bahari wa Bosporasi, wanauza kumpir: kiazi kikubwa kilichookwa, kinapasuliwa, kinapondwa na siagi na jibini, halafu juu wanakirundikia mahindi, zeituni na kila unachotaka. Kwa sisi tuliozungukwa na viazi, nenda mara moja uone wenzetu walivyokipandisha kiazi cheo, ila usifanye mazoea, kinakula posho. Cha pili ni supu ya utumbo, işkembe, pamoja na kitunguu saumu na siki, kwenye migahawa inayokesha. Usiku wa mitihani hiyo ndiyo iliyonisimamisha.

Chai sasa. Chai yao inatoka Rize, upande wa Bahari Nyeusi, milima ya kijani yenye mvua isiyokatika. Ukiona picha zake utadhani umesimama Katumba. Kiwanda chao cha kwanza cha chai kilianza pale mwaka 1947. Wanainywa siku nzima kwenye vijiglasi vyembamba kiunoni, kavu, haitiwi maziwa kabisa. Nilipoomba maziwa mara ya kwanza, mhudumu alinitazama kama nimemtukana. Zoea. Pa kuinywea napendekeza sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye kivuko kati ya Eminönü na Kadıköy: kwa nauli ya kadi ya mwanafunzi unavuka kutoka Ulaya kwenda Asia, unanunua chai na simit, ule mkate wa mviringo wenye ufuta, unakaa nje kwenye upepo. Ya pili ni Çınaraltı kule Çengelköy, bustani ya chai chini ya mti mkubwa wa kale kando ya maji. Enzi zangu pale walikuruhusu kuja na kitafunwa chako, wao unawalipa chai tu. Insha zangu nyingi niliziandikia pale.

Ugali upo, usiwe na wasiwasi. Dukani ulizia mısır unu. Ni unga wa njano, watu wa Bahari Nyeusi wanaupikia siagi na jibini. Shida ni jiko, maana mabweni mengi ya serikali hayaruhusu kupika chumbani. Tafuta rafiki mwenye nyumba ya kupanga. Kitimoto sahau.

Mwezi wa Ramadhani manispaa zinatandika meza za futuru hadharani, na anayekaa haulizwi dini yake. Mimi ni Mmoraviani, nilikaa nao, nikapewa tende na supu kama wengine. Subiri tu adhana, usianze kula kabla yao.

La mwisho ni mtaa wa Aksaray. Wasomali wana migahawa yao pale, wali wa viungo, nyama ya mbuzi na ndizi pembeni, na utakutana na wahudumu waliopitia Nairobi au Mombasa wanaoongea Kiswahili. Siku za mwanzo utataka kuhamia. Usifanye hivyo. Ukipangiwa programu inayofundishwa kwa Kituruki, mwaka wa lugha unaisha kwa kutakiwa ufike kiwango cha C1, yaani cha juu cha kuijua lugha, na nimeona vijana wenye akili sana wakikwama hapo kwa sababu kutwa walikuwa wakikaa na Waafrika wenzao. Kituruki changu cha kwanza nilifundishwa na mama aliyekuwa akipakua supu karibu na bweni, alikuwa hanipi bakuli mpaka niseme sentensi nzima. Kwa hiyo Aksaray iwe Jumapili. Siku nyingine agiza kwa mdomo wako, na usipoelewa ulichojibiwa, uliza tena.