Seli Iliyokufa Haimpelekei Mtu Kitu

Msomaji anayetafsiri makala za kitabibu ananiuliza: "Dawa ya fangasi ya ngozi ni ya kupaka au ya kupakaa? Na niandike fangasi au kuvu? Nimeandika hivi: 'Kuacha kupaka krimu mapema kunaweza kupelekea fangasi kurudi.' Makala nyingine inahusu ugonjwa wa Parkinson, nako nimeandika: 'Upungufu wa dopamini unapelekea mikono kutetemeka.' Naomba msaada."

La kupaka na kupakaa nalimaliza upesi, maana halina ugomvi. Unapaka ukuta rangi, unampaka mtoto mafuta. Pakaa huelekea zaidi kwenye mwili wa mpakaji mwenyewe: muuguzi amempaka mgonjwa dawa, mgonjwa amepakaa dawa. Kwenye boksi "ya kupaka" inatosha, na anayesema "ya kupakaa" simkamati. Fangasi tumeipata kwa Waingereza, nao waliitoa kwenye Kilatini. Kuvu tunayo siku zote. Mimi kiumbe nakiita kuvu, ugonjwa nauacha uitwe fangasi, kwa sababu sijamsikia mgonjwa akilalamika kwamba ana kuvu katikati ya vidole.

Sasa tuje kwenye neno ambalo hukuliuliza.

Kupelekea! Umelitumia mara mbili katika barua fupi namna ile, wala hukusita. Peleka ni kukichukua kitu hapa ukakifikisha kule. Ukiitia kauli ya kutendea unapata pelekea: mpelekee mgonjwa marhamu yake. Hapo yupo mpelekaji, kipo kinachopelekwa, yupo anayepelekewa. Rudi kwenye sentensi yako. Upungufu wa dopamini umeshika nini mkononi? Umemkabidhi nani? Katika ugonjwa wa Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, ndani kabisa ya ubongo hufa. Narudia, hufa. Maiti hupelekwa, haipeleki. Nimejaribu kuisoma sentensi yako kwa huruma, nikadhani labda mikono ndiyo iliyopelekewa kutetemeka, kama mtu anavyopelekewa barua. Basi nionyeshe tarishi.

Na uchungu wangu ni kwamba dawa ipo ndani ya kitenzi chenyewe. Mkono unatetemeka, kinachoufanya utetemeke huutetemesha. "Upungufu wa dopamini hutetemesha mikono." Maneno matano, na kila moja lina kazi. Ukitaka urasmi, sababisha ipo, imejengwa juu ya sababu tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Zipo pia leta, zua, chochea.

Usiniambie ni neno tu. Mtafiti anahangaika kutenganisha jambo linaloambatana na jingine na jambo linalolisababisha, halafu anakuja mwandishi na kupelekea yake, anayachanganya yote kwenye chungu kimoja. Umri mkubwa huongeza uwezekano wa kupata Parkinson, lakini wazee walio wengi hawana ugonjwa huo. Andika "uzee unapelekea Parkinson" uone utakavyowatisha mababu za watu bure.

Matabibu nao wamewahi kugombana kwa ajili ya neno. Mwaka 1817 daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu akauita kupooza kwa kutetemeka. Baadaye Mfaransa Jean-Martin Charcot akalikataa jina: wagonjwa hawajapooza, alisema, na si wote wanaotetemeka. Akaona ni heri uitwe kwa jina la Parkinson. Mtu wa namna hiyo ningempa safu hii aiandike yeye.

Hata kutetemeka kwenyewe unakutaja kijuujuu. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson kwa kawaida hutetemeka ukiwa umetulia pajani. Akinyanyua kikombe, mtetemeko hupungua. Kuna maradhi mengine ya mtetemeko ambayo ni kinyume chake, mkono umetulia tuli mpaka kikombe kiguswe, ndipo chai inapomwagika kwenye kisahani. Kwa hiyo ongeza: "hutetemesha mikono hasa ikiwa imetulia."

Sentensi ya fangasi ni nyepesi zaidi: "Ukiacha kupaka krimu mapema, fangasi inaweza kurudi." Kupelekea imeondoka na hakuna aliyeiulizia. Ukipenda, mwongezee msomaji jambo la manufaa: mwasho huweza kuisha kabla kuvu haijaisha, na krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, ikitumiwa peke yake hufifisha wekundu huku kuvu ikiendelea kutanuka chini yake.

Najua vita hii nimeshindwa. Watangazaji wanalo neno hili, wahariri wanalipitisha, na wiki iliyopita nimelikuta kwenye rasimu yangu mwenyewe, aya ya pili, limekaa raha mustarehe. Nimelifuta. Wewe ukiniandikia tena nalo nitakujibu, ila nitachelewa makusudi.