Kuchangia Python ukiwa Moshi

Dogo, umeuliza kama mtu wa Moshi mwenye laptopu moja na bando la kuungaunga anaweza kusaidia kutunza msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, na kama lazima ajue lugha nyingine iitwayo C.

Unaweza. Injini ya Python imeandikwa kwa C, lakini sehemu kubwa ya maktaba ya Python (msimbo wa tayari unaokuja nayo) imeandikwa kwa Python yenyewe. Ukipakua msimbo huo, usivute historia yote ya mabadiliko yake tangu miaka ya 1990, bando litakata njiani. Tumia git, programu ya kutunza msimbo, kwa amri ya git clone yenye --depth 1, inayovuta hali ya sasa tu.

Chagua hitilafu moja ndogo. Andika kwanza jaribio (msimbo mfupi wa kupima) linalofeli kwa sababu yake, ndipo urekebishe. Mkataba wa wachangiaji unasainiwa mtandaoni.

Tuma rekebisho lako, halafu subiri likaguliwe. Wakaguzi wengi wanajitolea. Mimi huku Arusha, kwenye mradi mwingine, rekebisho langu la mistari 3 lilikaa miezi, nikadhani nimedharauliwa! Wakikuuliza swali, jibu upesi.