Nibadilishe Perazzi yangu kwa Citori na hela juu?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni dereva wa malori hapa Houston, mwenyeji wa Morogoro. Miaka minne iliyopita nilinunua bunduki ya Perazzi MX8 iliyotumika, namba 12, kwa dola 8,500. Mara mbili kwa mwezi naenda kupiga visahani vya udongo, ule mchezo wa kuzunguka vituo, sahani 100 kila safari. Alama zangu hazipandi, nimeganda kwenye 60 na kidogo. Sahani zinazopaa na kwenda mbele yangu nazivunja vizuri, ila zinazoshuka na zinazokatiza karibu zinanipita tu. Nikirudi nyumbani shavu linauma siku mbili. Sasa duka moja liko tayari kuichukua na kunipa bunduki mpya ya Browning Citori, ambayo wanaiuza dola 2,600, pamoja na dola 2,400 mkononi. Binti yangu anaanza chuo Agosti, kwa hiyo hela inahitajika. Rafiki yangu anasema bunduki ni bunduki, niichukue. Au nimpelekee kaka yangu nyumbani aitumie shambani? Naomba ushauri.

JIBU: Salaam, ndugu yangu, na hongera kwa binti. Umeuliza mambo mawili ukayafunga kamba moja: sahani zinazokupita, na ada ya chuo. Yafungue. La ada lina jibu lake, nitalifikia. La sahani ndilo linalonisumbua, kwa sababu nadhani uko karibu kuuza bunduki nzuri kwa kosa ambalo si lake.

Sikiliza ulivyoandika mwenyewe: zinazopaa unazivunja, zinazoshuka zinakupita, shavu linauma. Fundi yeyote aliyekaa na bunduki za mashindano akisoma maneno hayo atakuuliza kama hiyo MX8 yako ni ya trapu, yaani ule mchezo wa sahani zinazopaa. MX8 ilibuniwa na Daniele Perazzi pamoja na Ennio Mattarelli, Mtaliano aliyetwaa dhahabu ya trapu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Ilitengenezwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, na jina lake limebeba Mexico hiyo na ile nane ya mwisho. Kwenye trapu sahani hurushwa kutoka chini mbele yako, ikipaa na kukukimbia. Kwa hiyo kitako cha bunduki ya trapu huinuliwa pale shavu linapolala, jicho likae juu zaidi, na marisau, zile punje za ndani ya risasi, yaende juu ya pale unapoona mtutu umeelekea. Sahani ikiwa inapaa, hiyo ni faida, maana unaiona muda wote juu ya mtutu na bado unaipiga. Lakini wewe uko kwenye vituo ambako sahani nyingine zinaanguka au zinapita mlalo. Hapo marisau yanapita juu ya kichwa chake kila mara, nawe unadhani mkono umezeeka.

Na hilo shavu ni ushahidi wa pili. Kitako kikiwa juu mno kwa uso wako, unalazimika kulikandamiza shavu ili jicho lishuke kwenye reli, ule ukanda wa juu ya mtutu, na bunduki ikirudi nyuma inakupiga mfupa. Uzito wake si tatizo. Tena, bunduki nyepesi kwa risasi ileile hupiga bega zaidi, si pungufu. Kama unatumia risasi za gramu 32, anza leo na za gramu 28 au hata 24, zile wanazotumia Olimpiki. Udongo utavunjika vilevile na uso utapumzika.

Usiniamini kwa maneno, pima. Kwanza hakikisha bunduki ni tupu, uangalie vyumba vyote viwili vya risasi kwa macho, kisha uangalie tena. Simama chumbani, tazama alama ukutani, fumba macho, inua bunduki mpaka begani na shavuni kama ufanyavyo uwanjani, halafu fumbua. Ukiona reli yote ya juu ya mtutu imejinyoosha kama barabara unayoitazama kutoka kilimani, kitako kiko juu kwa mchezo wako. Ukiona sehemu ya nyuma tu ya bunduki na reli imepotea, kiko chini.

Baada ya hapo nenda uwanjani, kwenye bamba la kupimia au karatasi kubwa yenye alama katikati. Simama yadi 16. Usilenge kama mtu wa raifo. Inua bunduki na ufyatue mara kitako kinapogusa shavu, mara tano au sita kwenye karatasi ileile. Tafuta katikati ya wingu la matundu. Mafundi wa vitako tuna hesabu moja ya zamani inayofanya kazi vizuri: kwa yadi 16, kila inchi moja ambayo wingu limehama kutoka kwenye alama ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi ya kurekebisha kwenye kitako. Wingu likikaa inchi nne juu, kitako kishuke robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Milimita sita tu, ndugu yangu, ndizo zinazoweza kuwa kati yako na sahani 75.

Kwa bahati nzuri bunduki uliyonayo ni rahisi sana kwa kazi hii. Kitako cha MX8 kimeshikwa na boliti ndefu inayofikiwa kwa nyuma, kupitia tundu la ile raba ya begani. Unaingiza ufunguo wake mrefu, unazungusha, kitako kinatoka mkononi. Unaweza kununua kitako cha pili kilichokwishatumika chenye vipimo vya mchezo wako, au fundi akakukatia hicho ulichonacho na kukiwekea kipande cha kulazia shavu kinachopanda na kushuka. Vyovyote, gharama yake ni sehemu ndogo tu ya kile utakachopoteza kwenye hilo badiliko la dukani.

Angalia pia choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu. Bunduki nyingi za trapu huja na choki zinazobana sana na zisizofunguka, maana sahani hupigwa ikiwa mbali. Choki kamili hubana mdomo kwa karibu milimita moja na kupeleka kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la inchi 30 kwa yadi 40. Kwenye sahani inayokatiza yadi 20 mbele yako, wingu hilo bado ni dogo mno. Fundi anaweza kuipanua, na kazi hiyo si kubwa, lakini chuma kikishatolewa hakirudi, na mnunuzi wa trapu ataishusha bei. Kwa hiyo usiguse choki mpaka uwe umeamua kubaki nayo.

Sasa Citori. Siidharau hata kidogo, na kama ningekuwa namshauri mtu anayeanza ningemwambia aichukue alale usingizi. Inatengenezwa na Miroku kule Kochi, Japani, tangu miaka ya 1970, na ukoo wake unarudi kwenye bunduki ya mwisho kubuniwa na John Browning, ambaye alifariki kazini Liège, Ubelgiji, mwaka 1926 na mwanawe Val akaikamilisha. Bawaba yake ni pini nene inayopita kutoka ubavu hadi ubavu, na inavumilia matumizi mengi sana. Bei ya Perazzi imelipia vitu vingine: kundi zima la kifyatulio linalochomoka kwa mkono, ili springi ikikatika uweke jingine na kuendelea na mashindano, mitutu iliyopangwa kwa mkono, uwezo wa kubadilishiwa sehemu moja moja mpaka bunduki iwe mpya tena. Sahani yenyewe haitambui tofauti hiyo. Rafiki yako yuko sahihi nusu. Lakini Citori mpya ukiichukua bila kupimwa, huenda ikakaa vizuri usoni na huenda isikae, na mwezi wa kwanza utaipenda kwa sababu tu kipya kinyemi.

Tuje kwenye ada. Citori ya dola 2,600 na dola 2,400 mkononi, jumla wamekuthamini 5,000. Kumbuka hiyo 2,600 ni bei yao ya kuuzia, si waliyonunulia, kwa hiyo kwao umepewa pungufu ya hapo. Siwalaumu: wao lazima waiuze tena na wapate faida. Ila una njia nyingine. Peleka bunduki kwenye duka linalouza kwa niaba ya mwenyewe na kukata kamisheni. Tuseme imeuzwa 8,000 na kamisheni ni asilimia 15, unabaki na 6,800. Tofauti ni dola 1,800. Hasara yake ni kusubiri, na Agosti haisubiri, basi anza sasa. Faida nyingine ni kwamba duka lenye leseni ndilo linalomkagua mnunuzi na kumjazisha fomu ya serikali. Ukiuza mwenyewe, usimkabidhi mtu wa jimbo jingine mkono kwa mkono, ni kosa la sheria ya nchi nzima. Bunduki lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Kabla ya kuitaja bei kwa yeyote, ijue hali yake. Ikiwa tupu, toa ubao wa mbele, ifunge, shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, itikise. Isicheze wala isigonge. Tazama wenzo wa kufungulia: ukiwa bado uko kulia kidogo ya mstari wa katikati, ina maisha marefu, ukiwa umevuka kushoto, inahitaji kukazwa. Kisha itoe mitutu, ining'inize kwenye kidole na uigonge taratibu kwa kucha. Mwaka juzi mteja aliniletea moja ya kuuza, nikaigonga ikalia kama nzi ndani ya kopo badala ya kulia kama kengele. Reli ilikuwa imeachia lehemu upande mmoja. Tulirekebisha kwanza, ndipo tukaipeleka sokoni.

Kuhusu kaka yako Morogoro, hapana. Kutoa bunduki Marekani kunahitaji kibali cha huku, na kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali cha kule chini ya sheria ya silaha ya 2015, kwa jina lake yeye. Usiiweke kwenye kontena na magodoro.

Kwa hiyo kama ada ndiyo inayokubana, iuze, kwa kamisheni, bila aibu, na utafute Citori iliyotumika ukiwa umeshapima vipimo vyako. Kama ada ina njia nyingine na kinachokuuma ni zile 60, usiuze kwanza. Piga karatasi, kisha niandikie wingu limekaa inchi ngapi juu ya alama na ni nini kimechongwa kwenye mitutu kuhusu choki. Nitakuambia kitako kishuke kiasi gani.