Injini kubwa kwa gari la milimani: maswali yenu na majibu

Shikamoo fundi. Nina pikapu Land Cruiser yenye injini ya 1PZ, imetembea kilomita 480,000. Nashusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala na kurudi na mbolea. Kupanda zile kona hamsini na saba siku hizi ni gia ya kwanza tupu. Nikifunga injini kubwa zaidi, 1HZ, litapona? (Mkulima, Makete)

Marahaba, ndugu yangu. 1HZ itakaa, maana hizo injini ni za ukoo mmoja. Pistoni zina upana uleule wa milimita 94 na mwendo uleule wa milimita 100, ila 1PZ ina silinda tano, lita 3.5, na 1HZ ina sita, lita 4.2. Lakini tupige hesabu kwanza, kwa sababu hiyo ni hela ya msimu mzima wa viazi.

1PZ ikiwa mpya hutoa nguvu za farasi kama 115, na 1HZ kama 130. Umeongeza 15. Injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), kama hizi mbili, nayo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwani hewa inazidi kuwa nyepesi. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, asilimia 17 zimeshakwenda. Ukifika uwanda wa Kitulo, mita 2,600, imekwenda robo. Kwa hiyo 1HZ kule juu inabaki na farasi 98 hivi, pungufu ya ile 1PZ ikiwa mpya kule Dar es Salaam. Kinachokunyima nguvu kwanza ni mlima wenyewe.

Kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kupima komprisheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote tano. Kama zinalingana na bado zina nguvu, peleka pampu ya dizeli na nozeli zake kwa fundi wa pampu, badilisha filta ya hewa, kagua klachi. Nimeona magari yakirudishiwa uhai kwa hayo tu. Na fundi akikuambia aongeze dizeli kwenye pampu, mkatalie. Hewa ni ileile pungufu, dizeli ya ziada itatoka moshi mweusi na kuunguza injini.

Kama silinda zimelala kweli, yaani komprisheni imeshuka, hapo nami nasema funga 1HZ badala ya kufanyia ovaholi 1PZ, maana spea za 1HZ ni rahisi zaidi kupatikana. Itafute pamoja na giaboksi yake, rejeta yake, feni na kava ya feni. Injini ya silinda sita ni ndefu kuliko ya tano, hivyo feni inasogea mbele. Pima nafasi hiyo kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea. Siku ya kununua, isikie ikiwashwa ya baridi. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: moshi ukipuliza kwa nguvu, iache hapohapo. Ukishaifunga, weka taimingi belti mpya hata kama muuzaji anaapa. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na historia ya injini ya mtumba huijui.

Kaka, 1HZ yangu ni nzima. Nikiifunga tabo si itakuwa sawa na injini kubwa? (Dereva wa watalii, Iringa)

Kwa nyanda zetu tabo ina faida kubwa kuliko pwani, kwa kuwa inarudisha hewa ambayo mlima umeichukua. Ila 1HZ haikuundwa kwa ajili ya tabo, na joto likizidi silinda hedi hupasuka. Presha ya tabo isizidi nusu baa, na ufunge geji ya joto la ekzosi mahali unapoiona ukiendesha. Usipokubali geji, usifunge tabo. Ukitaka zaidi ya hapo tafuta 1HD-T ya Land Cruiser 80: lita 4.2 zilezile, imetoka kiwandani na tabo. Kabla ya kuifunga badilisha bearingi za koni rodi, ndipo udhaifu wake ulipo.

Hilux yangu ni 2L. Naweza kufunga 5L? (Njombe)

Ndiyo. Ni ukoo mmoja, unatoka lita 2.4 kwenda 3.0, na kazi ya kuchomelea ni ndogo sana. Angalia rejeta tu.

Mume wangu amefunga injini kubwa, sasa anasema Kitonga anaweza kushuka na tani zaidi. Mimi naogopa. (Mama, Ilula)

Mama, hofu yako ni ya haki, na ningependa umsomee mumeo jibu hili kwa sauti. Injini haiongezi uwezo wa chesi, springi wala breki. Mzigo ni ule uliopangiwa gari tangu kiwandani. Injini kubwa itamsaidia kushuka iwapo atateremka kwenye gia ndogo, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, ili injini yenyewe ishikilie gari na breki zibaki baridi. Akiweka frii (bila gia) kuokoa dizeli, breki zitachemka kabla ya kona za chini, na breki iliyochemka haishiki. Mwambie avue magurudumu yote manne, apime lainingi na viatu vya breki, abadilishe mafuta ya breki. Afanye hivyo wiki hii.

Trafiki wakikuta namba ya injini haifanani na kadi? (Tukuyu)

Ni tatizo, na ni haki yao kukusimamisha. Kadi ina namba ya injini na ukubwa wake. Tunza risiti ya injini, gari likaguliwe na polisi, kisha nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) wabadilishe taarifa. Mjulishe na wa bima, mapema, kabla ya safari ya kwanza.