Kwa nini "to sells" imekatwa?

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kwa nini mwalimu amekata "s" kwenye "Mother wants to sells potatoes", wakati mama ni mmoja. Sikiliza Kiswahili chako: "Mama anataka kuuza viazi." "Anataka" kimebeba nafsi na wakati; "kuuza" hakina hata kimoja. Kiingereza nacho ni hivyohivyo: "wants" kimeshabeba mzigo, "sell" kinabaki kitupu. Ukiwa na shaka, ipeleke sentensi jana: "Mother wanted to sell." Kilichobadilika ndicho chenye wakati. Kosa linaloniuma zaidi kwenye madaftari ya huku kwetu ni "did not sold". "Did" imeshakwenda jana, andika "sell" tu. Na "selling" kikiwa ndicho kitenzi kikuu cha sentensi kama hii ya mama, usikiache peke yake; kitangulizie "is" au "was".