Udi wa marehemu baba uliibwa 2014, sasa nimeuona harusini: nitaupataje?

SWALI

Assalaam aleikum, Fundi. Marehemu baba alikuwa baharia. Mwaka 1984 alirudi kutoka Misri na udi (ala ya nyuzi), akaupiga katika harusi za hapa Mombasa mpaka 2014, ulipoibwa ndani ya gari usiku wakitoka harusini Majengo. Baba alifariki 2019. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi Kisauni nikamwona kijana akipiga udi ambao nina hakika ndio ule: una ufa karibu na daraja linaloshika nyuzi, kigingi kimoja cha kukazia nyuzi ni cheupe, na sauti ni ile ile. Sina risiti. Nina picha mbili za baba akiupiga na kanda ya video ya harusi ya 1997. Kijana mwenyewe watu wanamsifu kwa adabu. Nitathibitisha vipi kwamba ni wenyewe? Je, nimechelewa? Na niende na polisi?

Msomaji, Bondeni

JIBU

Wa aleikum salaam. Mungu amrehemu babako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo likikosewa linayaharibu mengine mawili. Polisi wasubiri kidogo. Usimwendee kijana ukaushika udi mkononi mwake, na usiweke picha yake Facebook ukamwita mwizi. Udi ni chombo chepesi. Leo uko Kisauni. Ikivuma kwamba unatafutwa, wiki ijayo uko Unguja au Muscat, na huko utaanza upya kwa sheria za wenyewe. Tena kama kijana aliununua kwa nia safi, wewe ndiye utakayeshtakiwa kwa kumchafulia jina.

Sasa tuje kwenye udi wenyewe.

Sauti iweke kando. Najua utaniona mgumu, na mji huu ambao marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa taarab, aliishi na kuupigia udi haukosi masikio. Lakini sauti hubadilika nyuzi zikibadilishwa, daraja likibanduliwa na kugandishwa tena, hata mpigaji akiwa mwingine. Hakuna hakimu atakayekupa udi kwa sababu uliusikia ukamkumbuka babako.

Ufa karibu na daraja nao hautoshi. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja, na zote zinalivuta daraja lililogandishwa juu ya ubao mwembamba, milimita mbili hivi au pungufu. Ongeza unyevu wa pwani wakati wa masika na ukavu wa kaskazi, na utaona kwa nini karibu kila udi mzee unaoingia karakanani kwangu umepasuka hapo hapo. Kigingi cheupe ndicho dhaifu zaidi, kwa kuwa kigingi hubadilishwa kwa dakika chache. Yaweza kuwa ni kile cha babako, yaweza kuwa fundi fulani aliokota kilichokuwepo.

Kisichobadilika ni mistari ya mbao. Uso wa udi mara nyingi ni mti wa jamii ya msonobari uliopasuliwa vipande viwili na kuunganishwa katikati, na mistari ile ni miaka ya mti: pengine imebanana, pengine imeachana, na hapa na pale pana kifundo au doa. Hakuna mbao mbili zenye mpangilio mmoja. Mwanamuziki wa Kanada, Randy Bachman, aliibiwa gitaa lake aina ya Gretsch hotelini Toronto katika miaka ya 1970. Mwaka 2020 shabiki wake mmoja alichukua picha za zamani za gitaa lile, akatazama kifundo kidogo kwenye mbao, akapekua mtandaoni picha baada ya picha mpaka akalikuta kwenye video ya mpigaji wa Tokyo. Miaka zaidi ya arubaini ilikuwa imepita, na kifundo kiko pale pale.

Kwa hiyo hazina yako ni zile picha mbili. Usizipige picha kwa simu. Zipeleke studio zikaskaniwe kwa ubora wa juu kabisa, na kama hasi zake (filamu zilizotumika kusafisha picha) zipo, zitafute kwa udi na uvumba (samahani kwa mzaha), maana hasi hubeba zaidi ya karatasi. Kanda ya 1997 isikuvunje moyo wala isikupe matumaini makubwa. Kanda za VHS hazioni mistari ya mbao. Zitakuonyesha ua lililochongwa kwenye tundu la sauti, umbo la kinga ya chini ya nyuzi, nakshi za ukingo, na pale ambapo risha (kijiti cha kupigia nyuzi) imekula rangi kwa miaka. Pia zitaonyesha kwamba babako alikuwa nao mwaka ule, mbele ya watu ambao bado wako hai. Hilo kisheria ni kubwa kuliko unavyodhani, hasa kwa mtu asiye na risiti. Ila irekodiwe kwenye diski mapema. Kanda za umri ule huota ukungu mji huu, na mashine mbovu huitafuna kanda mara moja tu.

Picha za udi wa leo utazipata wapi bila kumshtua kijana? Harusi ile ilipigwa video, bila shaka. Mwenye harusi unamjua au unajuana na anayemjua. Omba kwa adabu sehemu za wapiga ala pekee. Kamera za siku hizi zinaona mpaka vumbi. Kaa na fundi, weka picha ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, mhesabu mistari kutoka kiungo cha katikati kwenda nje. Mistari isipolingana, suala limekwisha, na kijana hatajua kwamba aliwahi kushukiwa. Ikilingana, ndipo uanze kutafuta nafasi ya kuutazama kwa ndani.

Huko ndani ndiko siri zilipo. Wengi hukimbilia lebo inayoonekana kupitia tundu la sauti, na mimi lebo naiamini kidogo sana. Hubanduliwa, hubandikwa nyingine, na lebo za mafundi wakubwa kama ukoo wa Nahat wa Damascus zimeigizwa mno. Ikiwa udi wa babako ulinunuliwa kwa mafundi wa mtaa wa Muhammad Ali kule Cairo, yaelekea ulikuwa na lebo; leo kutokuwepo kwake hakukatai chochote. Tazama badala yake viraka. Ufa ukizibwa, fundi hugandisha vibao vidogo kwa ndani, na kila fundi ana mkono wake: mmoja hukata viraka vya mraba, mwingine vya almasi, mwingine huacha gundi imetiririka. Ulize mama, ulize wenzake wa bendi: nani alikuwa akimtengenezea marehemu? Fundi huyo akiwa hai, atautambua mkono wake akitazama tu. Wengine wetu huandika tarehe kwa penseli upande wa ndani wa uso, mahali ambapo mwizi hafiki bila kuufungua udi mzima. Na matundu ya dumuzi nayo yatazame yalipo, maana mdudu hatoboi udi mara mbili kwa ramani moja.

Vifaa ni vya kawaida. Kioo kidogo cha daktari wa meno na tochi vinatosha. Zipo pia kamera nyembamba za waya zinazochomekwa kwenye simu, zinazotumiwa na mafundi wa magari. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani nayo ina kazi: gizani, shelaki (aina ya vanishi) ya zamani hung'aa kwa rangi ya chungwa, na palipopakwa vanishi mpya ili kuficha jina au alama hung'aa tofauti au hubaki peusi.

Swali la kuchelewa lina majibu mawili, na yanapingana kidogo.

La kwanza ni la kukufariji. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, kifungu cha 23, anayenunua kitu kwa asiye mwenyewe hapati haki kubwa kuliko ya aliyemuuzia. Mwizi hana haki, basi hana cha kuuza. Kijana hawi mwenye udi kwa sababu tu alilipa, hata kama alilipa bei kamili mbele ya mashahidi. Na wizi wenyewe ni jinai isiyofutwa na miaka hii kumi na zaidi.

La pili halifurahishi. Kesi ya madai ya kurudishiwa mali iko chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, na kifungu cha 4 kinatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii. Hapo mawakili hubishana saa ilianza lini: siku ya wizi, siku kijana alipoununua, au siku atakapoombwa akakataa. Kifungu cha 26 husogeza saa mbele pale ambapo haki ilifichwa kwa ulaghai, ila humlinda aliyenunua kwa thamani bila kushiriki ulaghai huo. Hili si la kuamuliwa na fundi wa nyuzi. Mwone wakili kabla hujamwandikia kijana hata ujumbe wa simu, kwa sababu namna na siku ya kuomba inaweza kuwa na uzito.

Kuna pengo jingine ambalo hukulitaja. Udi ulikuwa wa babako, naye amefariki. Kijana au wakili wake anaweza kukuuliza: wewe unadai kama nani? Udi ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo ni wa warithi wote, hata kama kuna dada aliyeko Malindi asiyejali muziki. Bila hati ya usimamizi wa mirathi kesi yako inaweza kutupwa kabla hakimu hajauona udi. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi hushughulikia mirathi. Lakini madai dhidi ya kijana huyo si kazi ya Kadhi. Hayo yangeenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza pia madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, thamani isizidi shilingi 1,000,000. Huko unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Polisi sasa. Je, babako aliripoti 2014? Tafuta namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kwenye makaratasi yake, au nenda kituo kilichokuwa karibu na tukio ukiwa na tarehe mkononi. OB ya wakati ule, hata ikiwa na mstari mmoja tu, "udi mmoja kutoka ndani ya gari", ina uzito kuliko maneno ya ukoo mzima. Lakini kumbuka kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu chenye kifungo cha hadi miaka 14, kunahitaji mtu awe alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi. Kijana aliyeununua kwa mtu wa tatu au wa nne, miaka mingi baadaye, hakamatiki kirahisi hapo. Na ukianza na pingu, hutapata mazungumzo tena.

Mimi ningeanza na mazungumzo, vielelezo vikiwa tayari. Nenda na mzee anayeheshimiwa na pande zote, si kwenye shughuli yake bali nyumbani kwake, baada ya alasiri. Mwonyeshe picha. Usimwulize "umeutoa wapi udi wetu". Mwulize aliupata kwa nani, maana jina hilo ndilo linalokurudisha nyuma kuelekea kwa mwizi, na ndilo litakalompa yeye njia ya kudai pesa zake. Bachman alilipata gitaa lake Tokyo mwaka 2022 kwa kumpa mwenzake Gretsch nyingine ya aina ile ile. Alikuwa na haki? Naamini hivyo. Alitumia hekima pia. Wewe huenda ukaweza kumchangia kijana sehemu ya alicholipa, au kumtafutia udi mwingine wa kufanyia kazi. Yeye anaishi kwa chombo hicho, kama babako.

Akikataa kabisa, bado hujapoteza. Kila chombo cha nyuzi siku moja hupelekwa kwa fundi. Fidla ya Stradivarius ya 1734 iliyoibwa kwa mpiga fidla Roman Totenberg huko Massachusetts mwaka 1980 ilikaa miaka 35 mafichoni, mpaka ilipopelekwa kwa mthamini akalinganisha picha na vipimo. Totenberg alikuwa amekwisha kufariki, ikakabidhiwa mabinti zake. Basi tupatie mafundi wa hapa nakala za picha zako mapema, pamoja na namba ya OB, hata kabla ya kwenda kwa kijana.

Mkikubaliana, andikeni: maelezo ya udi, kiasi kilicholipwa, kwamba warithi wote wameridhia, na kwamba hakuna upande utakaomdai mwingine tena. Mashahidi wawili, sahihi, nakala kila upande. Ukiupokea, legeza nyuzi sauti ishuke nusu toni kabla ya kuubeba, na usiukaze tena mpaka ule ufa utazamwe. Mwite fundi yule yule wa babako akiwepo, asipokuwepo, nipo.