Jibu: Krismasi ya nyumbani na watoto, Mbeya

Dada, umeuliza upike nini Krismasi hii ukiwa na wanao wawili tu, bila wageni. Mimi ningeachana na pilau la sufuria kubwa. Pika wali wa mchele wa Kyela, ule harufu yake inatosha, kuku wa kienyeji na njegere mbichi. Njegere wape watoto wamenye. Nyingine wataishia kuzitafuna, waache. Kuku bandika mapema kabisa: Mbeya tuko juu, karibu mita 1,700, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na jogoo mgumu atakuchelewesha kweli. Kwenye kachumbari katia parachichi la Rungwe. Soda wanunulie, sikukuu bwana! Mkaa ufunike tangu leo, mvua za Desemba unazijua.